Kizibo Mgongoni mwa Sanamu

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa na banda la useremala Malaba, upande wetu wa mpaka, hatua chache kutoka uwanja ambapo malori yalisimama kungoja karatasi zao. Nilikuwa nimetoka kwetu Busibwabo miaka minne kabla ya hapo, na randa moja, patasi tatu na msumeno, nikidhani nitatengeneza vitanda na makabati. Mpaka ulinipa kazi nyingine. Vitu vinavyosafirishwa huvunjika, na mtu akivunjikiwa njiani hatafuti fundi bora, anatafuta fundi wa karibu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kwa hiyo nikawa fundi wa makasha.

Miezi ile serikali ya Uganda ilikuwa imewapa Wahindi siku tisini waondoke, na kila siku walipita kwetu na mizigo yao wakielekea Mombasa. Masanduku mengi yalifika yamepekuliwa kwenye vizuizi vya upande wa pili, mifuniko imeng'olewa, bawaba zinaning'inia. Niligongelea, nikafunga kamba, nikawaombea safari njema. Wengi hawakuwa na hamu ya kuongea, nami sikuwauliza.

Jumanne moja asubuhi likaja lori kutoka Mbale. Dereva wake, Mswahili wa Mombasa aliyezoea kupita kwangu, alishuka akaniita kwa sauti ya chini.

"Fundi, njoo. Tuna mgonjwa huku nyuma."

Nilipanda nikidhani ni mtu. Kati ya magodoro na makreti ya vitabu kulikuwa na kasha refu lililovunjwa upande mmoja, na ndani yake, juu ya majani makavu, mwanamke wa mbao alikuwa amelala chali. Alikuwa na ukubwa wa mtoto wa miaka saba. Alichongwa ameketi, goti moja limeinuka, lingine limekunjwa chini, na mkono wa kulia ulikuwa uegemee lile goti lililoinuka, lakini ulikuwa umevunjika kwenye kiwiko. Sketi yake ilipakwa nyekundu iliyofifia, mtandio wake kijani kinachokaribia buluu, na kifuani palikuwa na mabaki ya dhahabu, kama mafuta yaliyokaukia kwenye sahani. Uso ulikuwa mweupe, wenye nyufa nyembamba. Macho yalifumbwa nusu. Nimechonga vitu vingi maishani, na hata leo nikiukumbuka uso ule nahisi aibu kidogo kwa vile nilivyochonga mimi.

"Ni wa Wachina," ikasema sauti nyuma yangu. "Wa zamani sana. Wale askari wa vizuizini walifikiri ni maiti."

Ndivyo nilivyokutana na mwalimu. Alikuwa mama wa miaka kama hamsini, amevaa sari ya kahawia na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakuwa Mhindi, alitoka Sri Lanka, ambayo wakati huo wengi wetu tulikuwa bado tunaiita Ceylon. Yeye na mumewe walikuwa wamefundisha sekondari Mbale miaka kumi na minne. Amri ile haikuwataja moja kwa moja, lakini walimu wenzao walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na mume akaanza kuugua moyo. Alikuwa ametangulia kwa ndege. Mke alibaki kufunga nyumba na kuandamana na mizigo mpaka melini.

"Baba mkwe wangu alimnunua Colombo, bandarini," aliniambia tulipomshusha sanamu. "Kwa mzee Mchina aliyekuwa anafunga duka lake. Yule mzee alisema ana miaka mia nne. Labda alidanganya. Lakini hata akidanganya nusu, fundi, bado ni mzee kuliko sisi wote."

Tulikuwa tumemweka juu ya meza yangu ya kazi afisa wa forodha alipoingia kukagua mzigo kabla ya lori kufungwa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliipitia orodha, akatikisa kichwa kukubali, akaiinua sanamu kidogo atazame chini yake.

Ndani kukachakacha.

Aliiweka chini, akaiinua tena. Chaka, chaka. Kitu kilikuwa kinatembea tumboni mwa ile mbao.

"Mama, ndani kuna nini?"

"Sijui."

"Umekaa nayo miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Miaka ishirini na mbili na hujui kilicho ndani?"

"Bwana, wewe tumbo lako umekaa nalo miaka mingapi? Umeona kilicho ndani?"

Dereva alicheka. Afisa hakucheka. Siku zile kila mtu mpakani alikuwa na hadithi ya dhahabu iliyofichwa katika visigino vya viatu na mikebe ya poda, na sanamu yenye uwazi tumboni ilifanana na hadithi hizo mno.

"Siwezi kupitisha kitu nisichokijua," alisema. "Kesho saa nne nitarudi, na itafunguliwa nikiona kwa macho yangu. Fundi yuko hapa. Akate vile anajua." Kisha akanitolea karatasi niweke sahihi kwamba sanamu haitatoka bandani mwangu wala kuguswa na mtu mwingine. "Ikipotea ni wewe, fundi."

Niliweka sahihi. Dereva akaanza kuhesabu kwa vidole: meli inang'oa nanga Ijumaa jioni, kutoka Malaba hadi Mombasa na barabara ile, ni lazima aondoke kesho mchana, si zaidi. Mwalimu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ananitazama mimi, na msumeno wangu uliokuwa umetundikwa ukutani.

"Utamkata?" akauliza.

"Sijui, mwalimu," nikamwambia, na ulikuwa ukweli.

Chumba chetu cha kulala kilikuwa nyuma ya banda, vikigawana ukuta mmoja wa mabati. Mke wangu alirudi kutoka sokoni na kapu kichwani, akasimama mlangoni.

"Hiyo ni nini kwa nyumba yangu?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kapu bado liko kichwani.

"Ni sanamu ya kuabudiwa," alisema.

"Ni mzigo wa mteja."

"Alhamisi akina mama wa kanisa wanakuja kuomba hapa. Hapa, baba. Nitawaambia nini, kwamba tumepata mgeni?"

"Alhamisi itakuwa imefika Nairobi."

Alitua kapu, akaingia ndani, akatoka na leso yake ya zamani na kuifunika sanamu kuanzia kichwani, kama mtu anavyofunika kioo msibani. Ndivyo mwalimu alivyoikuta aliporudi kutoka nyumba ya wageni alikopata chumba. Kisha akaitoa ile leso polepole, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akamkabidhi mke wangu kwa mikono miwili.

"Asante sana, dada. Umemkinga na vumbi la mbao. Mimi sikufikiria."

Mke wangu alibaki na leso mkononi. Mtu akishukuriwa kwa jema asilolikusudia huwa hana njia ya kutokea. Akasema, "Karibu chai."

Wakanywa chai wameketi kwenye benchi, mimi nikiizunguka ile sanamu kwa macho. Nilimsikia mke wangu akiuliza, "Huyu mama ni nani?"

"Wachina wanamchonga kama mama. Kwetu tunamjua kwa sura nyingine. Ni yule anayesikia kilio cha watu, popote walipo."

"Anasikia tu, ama anasaidia?"

Mwalimu aliinamia kikombe chake. "Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Mwezi huu zaidi."

Mke wangu akammiminia chai nyingine, na kwa kuwa tulikuwa na maziwa kidogo tu siku ile, nikaelewa kwamba amemkubali.

Mawazo yangu yalikuwa haya: kama kuna kitu ndani, kuna mtu aliyekiingiza. Na kama alikiingiza bila kuivunja mbao, basi kuna mlango. Mchongaji aliyeweza kuufanya uso ule hakuwa mtu wa kuacha mlango uonekane, lakini hata yeye hakuweza kuifanya mbao isahau imekatwa wapi. Nililalisha sanamu kifudifudi juu ya gunia la vumbi la mbao, nikaanza kumgonga mgongoni kwa kiungo cha kidole, kama daktari. Kiunoni, sauti nzito. Mabegani, nzito. Katikati ya mabega, sauti ikawa nyepesi.

Lakini jicho halikuona kitu. Rangi ilikuwa nene, na chini ya rangi kulikuwa na tabaka la udongo mweupe laini, na chini yake karatasi iliyobandikwa, niliiona pale kwenye kiwiko kilichovunjika. Tabaka tatu, zote za kuficha viungo. Niliegemea huku na huku mpaka jasho likanitiririka.

"Mwanga unamwangukia kutoka juu," mke wangu alisema kutoka kwenye benchi. "Nikitafuta kama nguo ina mshono, siitazami hivyo."

Aliingia ndani akatoka na kioo chake kidogo cha mkono, akasimama mlangoni palipokuwa na jua la alasiri, akaurusha mwanga ukapita mgongoni mwa sanamu kwa ubavu, karibu sambamba na mbao. Kila tundu likawa na kivuli. Kila ufa ukawa mto.

"Hapo," akasema. "Chini ya shingo. Kuna mstari."

Niliuona. Ulikuwa mwinuko mwembamba kuliko uzi, ukaenda chini, ukakata kona, ukarudi juu. Mstatili wa urefu wa kiganja. Kizibo. Mwalimu alikuja akaugusa kwa ncha ya kidole, halafu akakaa chini sakafuni pale pale, kwenye vumbi, na sari yake.

"Kwa hiyo hutamkata," alisema.

"Nitamfungua tu. Kesho, mbele ya mkubwa."

Furaha yake haikukaa. Alipoaga jioni ile alisimama mlangoni akaniambia jambo ambalo hakutaka mke wangu asikie. "Fundi, yule mzee wa Colombo alikuwa na haraka sana ya kuuza. Kama aliweka kitu kibaya ndani, nitasema nini? Nani ataniamini?"

Asubuhi niliamka mapema, nikanoa patasi ambazo tayari zilikuwa na makali.

Afisa alifika saa nne kamili. Nilimwonyesha mstari kwa kioo, akainama akautazama muda mrefu, akasema, "Sawa. Fungua." Nilikuwa nimetengeneza kisu chembamba kutoka kwa ubapa wa msumeno wa chuma, nikaanza kuufuata mstari, nikikata rangi, udongo na karatasi peke yake, nisiguse mbao. Mahali pawili rangi ilibanduka kama gamba la samaki, na kila mara nilimsikia mwalimu akivuta pumzi. Nilipomaliza kuzunguka, kizibo hakikusogea. Kilikuwa kimekaa pale miaka mingi mno. Nikachonga vijiti viwili vya kabari kutoka kwa tawi la mpera, vyembamba kama kucha, nikaviingiza pande mbili, nikavigonga zamu kwa zamu, taratibu. Mwanzoni afisa alikuwa anaangalia saa yake. Baadaye akaacha kuiangalia. Dereva alikuwa amesimama dirishani na sigara ambayo hakuiwasha.

Kizibo kilitoka chote mara moja, mkononi mwangu, na pamoja nacho harufu kali ya dawa, kama sanduku la nguo la bibi.

Nilichungulia kwanza. Kabla ya kuona kingine chochote niliona alama za patasi kwenye kuta za lile tumbo, mapigo mafupi yaliyopinda, yote yakilalia upande mmoja. Yule mchongaji alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Hakuwa amepiga msasa ndani, maana hakutarajia mtu aone, nami nikajisikia kama niliyeingia karakana ya mwenzangu bila kubisha hodi.

"Fundi," afisa alisema. "Toa."

Alitandaza karatasi nyeupe mezani, nami nikatoa kimoja kimoja. Fungu la nyuzi za hariri za rangi tano, zimekunjwa kama utumbo wa kuku. Kioo kidogo cha shaba, kimepata kutu ya kijani. Karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa Kichina kwa wino mweusi. Vifuko vitano vya kitambaa vyenye nafaka, kimoja kimeliwa na fukusi mpaka kimebaki unga. Na kifuko cha sita kilichochanika, mbegu zake nyeusi, ngumu, kubwa kama njugu, zimemwagika na kutembea huku na huku. Afisa alichukua mbegu mbili, akazitikisa katika ngumi karibu na sikio lake. Chaka, chaka. Akatia mkono wake mwenyewe ndani ya tumbo la sanamu, akapapasa kila kona, akautoa mtupu.

"Mbegu," alisema.

Akazimwaga tena kwenye karatasi.

"Nimezuia lori usiku mzima kwa sababu ya mbegu." Akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega, halafu akavuta benchi akakaa na kujifuta uso kwa leso ya mfukoni. "Mama, nilikuwa naogopa. Ningekuta dhahabu ningekushika, na wewe ni umri wa dada yangu mkubwa. Nimeomba Mungu isiwe dhahabu."

"Hata mimi," mwalimu alisema. Alikuwa analia na kucheka, miwani imeteleza mpaka puani. "Sikujua ni nani atanisikia, lakini niliomba."

Afisa aliandika kwenye fomu yake, akisema kila neno kwa sauti: sanamu moja ya mbao, kuukuu, ndani yake mbegu, nyuzi, karatasi na kioo. Akapiga muhuri kwa nguvu, akatupa mkono sisi sote, pamoja na mke wangu, akaenda zake.

Kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi baada ya hofu ni tamu. Nilichonga kigingi kipya cha mpera cha kushika mkono uliovunjika, nikaupachika kwa gundi ya ngozi na kuufunga kwa kitambaa mpaka ukauke. Mwalimu alirudisha vitu ndani kwa mpangilio ule ule. Alipofika kwenye kile kifuko kilicholiwa na fukusi, akasita.

"Zilikuwa nafaka tano," alisema. "Sasa ni nne."

Mke wangu aliingia ndani. Alirudi na wimbi kwenye kiganja, wimbi la shamba la mama yake, akalimimina katika kifuko kile bila kumtazama mtu, akakifunga kwa uzi wake wa kushonea. Mimi nilichukua penseli yangu ya kazi, na upande wa ndani wa kizibo, pasipoonekana, nikaandika neno moja: Malaba. Kisha nikakirudisha mahali pake. Kasha jipya lilikuwa la mbao za inchi moja. Lori liliondoka saa nane, na dereva akapiga honi mpaka alipopinda barabarani.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikuja, wakakuta vumbi la mbao tu. Na mke wangu, yule aliyeogopa wajue, ndiye aliyewasimulia kila kitu, pamoja na wimbi. Mmoja alinuna. Wengine walitaka kujua sari inafungwaje.

Barua ilifika mwaka uliofuata, nikaipokea posta ya Busia nilipokuwa nimekwenda kununua misumari. Mwalimu aliandika kwa Kiswahili chake cha Mbale. Meli ilifika salama. Mumewe alikuwa anapata nafuu, anatembea asubuhi mpaka ufukweni na kurudi. Na ile karatasi ya Kichina? Hakuthubutu kuifungua sanamu tena peke yake, aliandika, lakini alikuwa amenakili maandishi yake kwa penseli siku ile bandani, wakati mimi nafunga mkono, na daktari mmoja Mchina wa Colombo akamsomea. Yalikuwa majina ya familia kumi na tisa za kijiji kimoja zilizochangia mbao na rangi, na jina la mchongaji, na la aliyeipaka rangi, na ombi kwamba wote waliochangia wawe na afya. Kwa tarehe iliyoandikwa pale, miaka ilikuwa mia tatu na kidogo. Yule mzee wa duka, aliandika mwalimu, alidanganya robo tu.

Nilinunua misumari, nikanunua na samaki wawili wa Osieko, kule ziwani, kutoka kwa akina mama waliowaleta asubuhi ile, nikapanda basi kurudi Malaba. Mke wangu alisikiliza barua akiwa anaparua magamba.

"Soma tena pale pa mkono," alisema.

"'Mkono wake umeshika vizuri,'" nikasoma, "'na hakuna anayeweza kuona ulivunjika.'"

"Basi vizuri," alisema, akamgeuza samaki upande wa pili. "Lete chumvi."